Jumamosi Tuliyofuta Ofsaidi

Nilipewa kibendera kwa sababu moja tu: nilikuwa mtu pekee pale uwanjani ambaye timu zote mbili zilikuwa bado hazijapata sababu ya kumchukia. Mimi ni mwalimu wa hesabu, Mkenya, nilikuja Juba kufundisha shule moja ya binafsi. Jumamosi alasiri nilikuwa nikivuka daraja kwenda Gumbo kuwaangalia Wakenya wenzangu, watu wa benki na mahoteli, wakicheza mpira na Wasudan Kusini waliokulia Kenya kisha wakarudi kwao. Nilikuwa nafuata karanga na stori. Mpira wenyewe sikuwa na habari nao.

"Madam, wewe ni mtu wa hesabu," waliniambia. "Ofsaidi ni hesabu tu."

Wanaume sita wakanieleza sheria hiyo kwa njia sita. Mmoja alipanga chupa za soda chini, mwingine akachora mchangani kwa kijiti, wa tatu akanishika mabega, akanisogeza hatua mbili mbele, akasema, "Sasa hapa umeotea," nikajisikia kama nimefumaniwa. Nilichoelewa ni kwamba mtu akimtangulia beki wa mwisho kufika karibu na goli, halafu akapigiwa mpira, amekosa. Yaani anaadhibiwa aliyewahi. Shuleni kwangu ni kinyume kabisa, lakini sikubisha, nikapokea kibendera. Kilikuwa kitambaa cha jikoni chenye picha ya kuku.

Refa wetu alikuwa fundi wa pikipiki kutoka Uganda, mtu wa maneno machache. "Mimi iko na filimbi, wewe iko na kitambaa," aliniambia. "Wewe nainua, mimi napuliza. Kalas, basi."

Tulienda hivyo miezi kadhaa bila matatizo, mpaka Jumamosi aliyokuja mke wa mpishi.

Mpishi huyu alikuwa anapikia hoteli moja karibu na mto. Mtu mnene, mcheshi, mshambuliaji wa Wakenya kwa cheo tu, maana tangu nimjue alikuwa hajafunga goli hata moja. Rafiki yake mkubwa alikuwa kipa wa timu ya pili, dereva wa shirika fulani, Msudan Kusini aliyesomea Kitale na aliyeongea Sheng kunishinda. Hao wawili walipanga nyumba moja hukohuko Gumbo. Walikuwa wakija uwanjani kwa pikipiki moja, mpishi mbele, kipa nyuma ameshika glavu zake, wakitukanana njia nzima kwa mapenzi.

Sasa mke akaja kutoka Nakuru kumtembelea mumewe. Akaketi kwenye kiti cha plastiki kando ya uwanja, simu mkononi, anarekodi. Na siku hiyo, Mungu anajua kwa nini, mpira ukamkuta mpishi peke yake mbele ya goli, akaupiga kwa ugoko, ukaingia. Yule mtu alivua jezi. Alikimbia na tumbo lake lote mpaka kwa mkewe, akapiga magoti, akafungua mikono.

Kipa akapaza sauti: "Ofsaidi! Madam, ofsaidi!"

Mkono wangu ukapanda wenyewe, pamoja na kuku wake. Filimbi ikalia. Goli likakataliwa, mpishi yuko magotini, kifua wazi, mbele ya mama watoto wake. Kipa alicheka mpaka akaketi chini ya mwamba wa goli, akashika mbavu.

Nitasema ukweli ambao sikuusema siku ile. Sikuona kitu. Nilikuwa nimegeuka upande wa barabara ya Nimule namwita mama wa karanga, na niliposikia kelele nikainua kwa woga.

Mpishi aliacha kuongea na kipa. Walilala nyumba moja, wakapita mlango mmoja, na hakuna aliyemwambia mwenzake hata "pisha". Mke alirudi Nakuru, kimya kikabaki. Jumamosi zilizofuata walikuja kwa pikipiki mbili. Mimi mpishi alinisalimia kwa kichwa tu, kama mtu anayepita msibani kwa watu asiowajua.

Halafu siku moja, kabla ya mechi, akasimama katikati ya uwanja akaomba kusema.

"Mimi nauliza tu," alisema. "Nani alituletea hii ofsaidi? Mpira ni magoli. Watu wanakuja kuona magoli. Tunaweka sheria ya kuzuia magoli, halafu tunaipa kitambaa cha vyombo. Tuitoeni! Tujaribu leo, leo hii."

Mabeki wakapinga. Washambuliaji wote wakaunga mkono, wa timu zote mbili, mara yao ya kwanza kukubaliana jambo lolote. Refa akauliza kama bado atapuliza faulo. Akaambiwa ndiyo. "Basi mimi haina shida," akasema. Nami nikastaafishwa papo hapo. Nikachukua kiti changu nikakiweka karibu na goli la yule kipa, kwa sababu kulikuwa na kivuli cha lori bovu.

Mpishi alikwenda moja kwa moja akasimama kando ya kipa, hatua mbili kutoka mstari wa goli, akakunja mikono. Hakusogea tena. Kule upande wa pili nao wakaweka washambuliaji wao wawili. Mabeki ikabidi wawafuate. Katika dakika kumi timu zote zilikuwa zimejazana kwenye magoli mawili kama foleni za maji, na katikati hapakuwa na mtu isipokuwa refa na kiungo mmoja wa benki, ambaye alikuwa anapokea mpira, anatazama huku na huku, anaupiga juu. Magoli yaliingia, ndiyo. Yaliingia kwa goti, kwa sikio, moja kwa mgongo wa mtu anayefunga kamba za kiatu. Baada ya la sita hakuna aliyeshangilia.

Mimi nilikuwa nasikiliza goli langu. Mwanzoni wale wawili walisimama kama watu wawili ndani ya lifti. Mpira ulipokuwa mbali sana, kipa akakohoa.

"Mama watoto alifika poa?"

"Alifika."

"Niliskia mtoto alikuwa mgonjwa."

"Masikio tu. Amepona."

Mpira ukapigwa juu, ukatoka nje, watu wakaufuata barabarani.

"Buda," kipa akasema, "malesh, samahani. Sikufaa kucheka vile. Mbele ya bibi yako, manze."

Mpishi akakunjua mikono. "Nimeiangalia ile video," akasema. "Ananitumia kila siku, huyo mwanamke. Ndugu yangu, nilikuwa nimeotea. Si kidogo. Ningeweza kuweka meza pale kati yangu na beki, nikaandalia watu wanane."

Kipa akabana mdomo. Mabega yakaanza kutikisika.

"Cheka tu," mpishi akamwambia, na yeye mwenyewe akaanza. Wakaegemeana pale, glavu begani, wanacheka mpaka wanalia. Wakati huo kiungo wa benki akawa amechoka na maisha, akaupiga mpira kwa hasira kutoka katikati. Ukampata mpishi kwenye makalio, ukazunguka, ukaingia polepole. Goli halali. La kwanza tangu aje Juba. Akageuka kuuliza ni nini kimemgonga.

Kisha akanitazama mimi kwenye kiti changu, huku akijipangusa macho. "Na mwalimu yuko kwenye video pia," akasema. "Ulinunua za pauni ngapi zile karanga, madam?"

Uso ulinichoma. Mechi ilipoisha, mabeki wakataka kura, nikaomba kusema kwanza. Niliwaambia kwamba siku ile niliinua kitambaa bila kuona, kwamba goli lilikataliwa kwa haki lakini kwa bahati, na kama wanataka mtu mwingine wamchague. Kiungo wa benki ndiye aliyejibu. "Madam, mimi leo nimecheza peke yangu saa nzima. Inua hata ukiwa umelala. Lakini inua."

Kura ilipigwa, ofsaidi ikarudi, na kura ya mpishi ilikuwa miongoni mwa zilizoirudisha. Alisema kusimama sehemu moja kunamuumiza mgongo.

Watu huniuliza, mpira ungekuwa mtamu zaidi bila sheria ile? Niliuona kwa macho yangu, ulikuwa mbaya kama ugali usioiva. Kwa maongezi, hata hivyo, sijaona mpira mzuri kuliko ule. Wale wawili waliondoka kwa pikipiki moja jioni hiyo, mwanga ukiwa bado mwingi, na wiki iliyofuata walikuja wakiwa wamegombana upya, safari hii kuhusu nani aliacha sufuria ya maharage ikaungua.