Folda Iliyoonekana Nzima

Programu ya Blandine kwenye seva ya kliniki ilichanganya mafaili ya kweli, yaliyo kwenye diski, na ya majaribio, yanayokaa kwenye kumbukumbu ya mashine tu. Kwenye skrini yote yalionekana kama folda moja. Leo ndipo alipogundua kwamba majibu ya vipimo vya wagonjwa wa asubuhi nzima yameingia upande wa majaribio. Umeme ukikatika, yanafutika yote, basi tena.

Taa zikafifia. Akaanza kuyahamishia kwenye diski.

“Mama Blandine, unaogopa nini?” akauliza Mado, muuguzi. “Bitu byote biko, mi nabiona.”

Blandine aliendelea kuhamisha. Hata sakafu ya nyumba yao mtaani Kasulo, ambako wachimbaji wa madini ya kobalti walikuwa wamechimba mashimo chini yake, kaka yake aliiona nzima, akaikanyaga, ikabomoka naye.

Taa zikazimika.