Sanduku Lisilobebeka Si Sanduku

Mkamwana wangu aliingia nyumba hii ya Cheyo, hapa Tabora mjini, na mfuko wa salfeti ambao hakutaka mtu amshikie. Nilidhani ni vyombo vya jikoni. Nilipoona anausukuma chini ya kitanda nikajiambia, haya, tumeoa siri. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu hakungoja kupewa. Asubuhi aliufungua mfuko wake uani, akatoa randa, patasi, nyundo, na msumeno uliofungwa ndani ya kanga kuukuu, akaniuliza kwa adabu zote kama angeweza kutumia upenu ulio nyuma ya jiko. Vilikuwa vifaa vya marehemu baba yake, seremala wa Ulyankulu, aliyetengeneza mabenchi ya kanisa lao na kumfundisha bintiye kazi kwa kuwa ndiye aliyependa kumtazama.

Mimi ni nesi mstaafu. Nimefunga vidonda vya mafundi wa mji huu nusu ya maisha yangu, na fundi mbaya namjua kwa makovu. Nilimpigia simu mwanangu, ambaye ni dereva wa lori na huionja nyumba hii kama mgeni, nikamwambia mke wake atajikata vidole na mimi sitamfunga. Akacheka. Hata hivyo niliweka bandeji zangu karibu na dirisha la jikoni, nusu kwa huruma, nusu kwa ubishi. Bandeji zile zilikaa pale mpaka zikabadilika rangi, na yule binti hakuja hata mara moja kuniomba.

Basi nikatafuta ubaya mwingine. Nilisema maranda yanaingia kwenye uji, na kweli yaliingia. Nilisema kelele za randa zinanipandisha presha. Kesho yake akawa anaanza kazi baada ya mimi kumaliza chai, na maranda akawa anayafagia na kuwatandikia kuku. Mtu wa namna hiyo anakera sana, kwa sababu hakupi nafasi ya kugombana naye.

Mbao zake zilikuwa vipande. Mafundi wa samani hapa mjini hukata vitanda na makabati ya mninga, na vinavyobaki huviuza kwa gunia kama kuni. Yeye alikuwa akinunua lile gunia la kuni, analimwaga uani, anachuchumaa kuchagua, akinusa kipande na kukigongagonga kwa ukucha, kama mimi nilivyokuwa nikigonga vifua vya watoto. Sanduku la kwanza alinitengenezea mimi, la kuweka miwani na vidonge vya presha. Pembe zake hazikuwa na msumari. Mbao zilichongwa meno zikang'atana, na kifuniko ukikiachia hakikuanguka. Kilishuka polepole kwa sababu hewa ya ndani ilikuwa haina pa kutokea. Nilikifungua na kukifunga nikiwa peke yangu chumbani, tena na tena, nikaona aibu kama mtoto aliyekutwa anaiba sukari.

Majirani hawakuona kifuniko. Waliona mwanamke ameshika msumeno. Mama wa nyumba ya mbele alikuja kutuuliza kama tumeanza kutengeneza majeneza, kusudi ajue pa kuagiza. Mwingine alimshauri mkamwana auze vitumbua, biashara yenye heshima. Alimjibu kwamba vitumbua anavipenda sana, hasa vikiwa vimepikwa na mtu mwingine.

Sasa, chumbani kwangu kuna sanduku la zamani lenye njumu za shaba. Kwetu husemwa kwamba babu wa babu yangu alikuwa mpagazi, na kwamba alilileta begani kutoka pwani katika misafara ile ya zamani. Mimi huliamini hilo kwa kiasi, maana kila ukoo wa Unyanyembe una babu aliyebeba kitu kizito. Siku moja mkamwana aliniomba alitazame. Alilizunguka kwa magoti, akaligonga, akalitegea sikio, kisha akaomba tutoe vitu vyote vya ndani. Nikadhani anataka kuona chini. Kumbe alitaka kulibeba. Alilitia begani, akatoka nalo mpaka geti, akarudi, akalitua kwa upole.

"Mama, aliyelitengeneza hili alijua litabebwa," alisema. "Halilii hata kidogo. Sanduku lisilobebeka si sanduku, ni kabati."

Kuanzia hapo hiyo ikawa sheria ya upenuni. Kila sanduku likiisha analijaza mchanga, anajitwisha, anazunguka nalo ua mzima akiwa ameinamisha uso kusikiliza. Mbao zikisuguana likalia popote, analivunja. Nimeshuhudia akibomoa kazi ambayo mimi ningeiweka sebuleni na kualika watu. Hakununa wala hakulalamika. Alikaa chini akaanza upya na meno mapya, na mimi niliyekuwa nikimtazama kupitia dirisha la jikoni ndiye niliyeumia. Hapo ndipo nilipoanza kumhusudu kwa wema, nikatamani wodi zangu za zamani zingekuwa na wawili tu wa tabia yake.

Ndipo akaja shangazi mmoja kutoka Urambo, mlima tumbaku na mfuga nyuki, anayejulikana kwa mdomo. Akisifu kitu, watu watakitafuta kutoka huko mpaka Puge, akikiponda, kizike. Binti wa kaka yake anayeishi hapa mjini alikuwa anaolewa, naye hakutaka kumpa mabegi ya magurudumu, ambayo alisema zipu zake hufa kabla ya fungate kuisha. Alitaka sanduku la mninga, na alitaka litangulie ukumbini kwenye sendofu, sherehe ya kumuaga binti, kabla bibi harusi hajaingia, watu wote walione. Mkamwana alikubali kazi. Shangazi alipoondoka, aliniambia kwa sauti ndogo kwamba hili likiharibika atavirudisha vifaa vya baba yake kwenye salfeti na kukaanga vitumbua. Nilijua anasema kweli, na usingizi wangu ukapungua.

Alilifanya sanduku lile kama mtu anayeswali. Lilipokamilika alilizungusha uani na mchanga wake, likakaa kimya. Likabaki jambo moja, rangi. Vanishi aliikataa kwa sababu harufu yake ingeshika kwenye nguo za harusi. Akayeyusha nta ya nyuki aliyotumiwa na mama yake kutoka Ulyankulu, akaichanganya na mafuta kidogo, akalisugua sanduku ndani na nje mpaka mninga ukawaka wekundu wake wote. Nta yenyewe ilikuwa bado inanukia asali. Asubuhi ya sendofu aliliweka juu ya meza uani, kifuniko kikiwa kimeinuliwa kidogo, lipate hewa.

Mtoto yeyote wa Tabora anajua mrina asali anavyoita nyuki. Husugua nta ndani ya mzinga mtupu, anauweka juu panapofikika, anaondoka. Ilikuwa siku zile mvua zinanukia, miombo imechanua, na makundi ya nyuki yanahama kutafuta pa kukaa. Yeye amekulia kwenye mizinga, mimi nimezaliwa hapa, majirani wote ni watu wa hapa. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri. Tulisikia mngurumo, tukadhani ni pikipiki, na tulipotoka jikoni nyuki walikuwa wanaingia ndani ya sanduku la bibi harusi kama watu waliokuwa na mwaliko.

Mkamwana alikaa chini kwenye ngazi ya jikoni. Sikuwahi kumwona amekaa saa za kazi. Nilijua kwamba nyuki hawatolewi mchana wa jua kali, ni kuwatia hasira tu, na jua lilikuwa bado liko utosini. Nikaingia chumbani, nikaanza kutoa shuka zangu na kanga zangu kutoka kwenye sanduku la njumu. Nilimwita nikamwambia achukue hili, alipake nta kidogo, alipeleke ukumbini, nani atajua? Nilisema hivyo kwa moyo mmoja, na nimeshangaa mpaka leo, kwa kuwa sanduku lile nimewanyima hata watoto wangu wa kuwazaa.

Alikishika kifuniko kwa mkono wake, kisha akatikisa kichwa.

"Ahsante sana, mama. Lakini hili lilishafika," alisema. "Langu ndilo halijafika."

Akamsubiri shangazi. Mwanamke yule alipoingia getini na kuamkiwa shikamoo, aliitikia marahaba huku macho yake yako mezani. Mkamwana alimweleza kila kitu, nta na kifuniko, bila kumsingizia mtu wala hali ya hewa. Mimi nilisimama nyuma yake na ulimi wangu tayari, maana kama mgeni angemtukana mkamwana wangu uani kwangu, Urambo nzima ingesikia majibu. Shangazi alilisogelea sanduku, akautegea sikio mngurumo wa ndani. Kisha akavua viatu, akaomba kanga mbili na kata ya kibuyu, akasema jua likishuka tuanze.

Jua liliposhuka nyuma ya paa la jirani, shangazi alifukiza moshi kidogo sana wa kinyesi kikavu cha ng'ombe, mkamwana akaleta sanduku jingine ambalo lilikuwa bado halijaisha, wakalisugua nta na kuyapanga masanduku yote mawili midomo kwa midomo. Shangazi alichota nyuki kwa kata kama anachota uji, akawamimina upande wa pili, taratibu, mkamwana akimshikia kifuniko. Malkia alipokwisha kuvuka, wengine walimfuata wenyewe kwa mstari. Mkamwana aliumwa mikononi na kwenye kope. Hatimaye nikapata mgonjwa wangu. Nilimkalisha, nikamkwangua miiba kwa ukucha, nikampaka dawa, na jicho lake la kushoto likaendelea kuvimba hata hivyo.

Shangazi alilifuta sanduku, akachungulia ndani kwa tochi ya simu. Aliinua kifuniko, akakiachia. Kikashuka polepole. Akakiinua tena, akakiachia tena, nami nikamtambua kabisa, kwa sababu nilifanya vilevile chumbani kwangu.

"Niliagiza hili," alisema, "na nalitaka hili."

Nilidhani mambo yamekwisha. Tukaita bajaji. Dereva aliona nyuki wachache waliokuwa wanazungukazunguka juu ya sanduku, akageuza gari bila hata kuaga. Wa pili hakufika karibu. Ukumbini walishaanza kupiga simu, wakisema mshereheshaji amekwisha kutangaza sanduku na watu wamesimama. Mkamwana alichukua kanga. Akaikunja ikawa ngata, akaiweka kichwani, akajitwisha sanduku, akatoka getini.

Tukapita Cheyo kwa miguu. Shangazi alitangulia akipunga tawi kuwafukuza nyuki, katikati mkamwana, nyuma mimi na magoti yangu mabovu. Watu walitoka kwenye nyumba zao. Mama wa nyumba ya mbele alikuwa amesimama getini, na safari hii hakuuliza habari za majeneza. Nilimtazama mkamwana wangu mgongoni, shingo imenyooka, mikono imeachia, nikafikiri juu ya babu yule ambaye nimekuwa nikimtilia shaka. Nilijivuna jioni ile, nalisema wazi, nilijivuna kuliko siku mwanangu alipopata leseni.

Tulipofika kwenye mtaro kabla ya barabara kuu akasimama. Jicho la kushoto lilikuwa limeziba kabisa. Alinyoosha mguu kutafuta ubao wa kuvukia, akaurudisha. Alijaribu tena, akayumba, akashika sanduku kwa mikono miwili.

Kwetu mkamwana ndiye humpokea mama mkwe mzigo. Ukitoka sokoni, akikuona kwa mbali, anakuja mbio. Kinyume chake hakipo. Mama mkwe akimpokea mkamwana mzigo hadharani, watu watauliza nani amekufa. Nilikwenda mbele yake, nikanyoosha mikono.

"Lete," nilimwambia.

"Mama, hapana. Watu wanatuona."

"Ndiyo maana. Lete."

Akainama, akanitwisha, akaninyooshea ngata, kisha akashika bega langu kama kipofu. Tukavuka. Mbao zile zilikuwa karibu kabisa na masikio yangu, nami nilisikiliza kila hatua, njia nzima mpaka mlangoni pa ukumbi, na sanduku halikulia.