Mama Mkwe Katika Banda la Samaki

Watu wa bara wakisikia una nyumba ufukweni hudhani ni jua tu na samaki wa kuchoma. Waje wakae kwetu mwaka wa mvua. Mwanzoni mwa miaka ya sitini, ziwa lilipopanda likameza mashamba ya watu, baridi iliyokaa upande wetu wa Busia sijaiona tena. Upepo ulitoka majini umelowa, ukapita kwenye mafunjo, ukaingia chini ya mlango, ukakaa na wewe kama mgeni asiyejua kuaga. Chumvi iliyeyuka ndani ya kibuyu. Nguo zilizofuliwa zilikaa kambani mpaka zikanuka. Jua lilikuwa kitu cha kusimuliwa.

Mimi shule niliishia darasa la pili, na sijutii. Nilianza kwa kubeba samaki kichwani, nikapata baiskeli, nikawa napeleka samaki waliokaushwa hadi Tororo. Wanunuzi wa kule walinijua kwa harufu ya mzigo kabla hawajaniona uso. Nyumba nilijenga mwenyewe. Banda la kukaushia samaki nalo nilijenga mwenyewe, na nililijenga vizuri kuliko nyumba. Mke wangu alilalamika kwamba kamongo, yule samaki mrefu wa matopeni, analala pazuri kuliko yeye. Alisema kweli. Kuta zilikuwa za udongo mnene, na ndani kulikuwa na jiko refu kama kitanda, moto chini, wavu wa waya juu. Ukiacha moto ufe, udongo ule ulibaki na joto mpaka kesho yake.

Kitu nilichokipenda kuliko vyote kilikuwa darini nyumbani, juu ya kitanda chetu: mbao za mvule. Nilizipata moja moja, nikazikausha polepole kwa joto la banda, nijenge mtumbwi wangu mwenyewe niache kusubiri samaki kwenye mitumbwi ya watu. Fundi alikuwa amekwisha kuzipima. Tulikuwa tunalala chini ya mtumbwi ambao bado haujazaliwa.

Katika baridi hiyo mke wangu akajifungua kabla ya wakati. Mtoto wa kwanza, wa kike. Mke wa jirani aliyempokea alinionyesha ungo wenye kitambaa kilichokunjwa, akafunika upesi. Sikuona hata pua.

"Huyu anataka joto," akaniambia. "Akipoa, amekwenda."

Mama yangu alikuwa amekwisha kufa. Hospitali ilikuwa Tororo, na barabara ilikuwa imegeuka mto. Kumtoa mtoto yule kwenye upepo ule ni kumzika. Ndipo jirani yangu, mvuvi, alipokwenda kwa miguu hadi Bulumbi kumwita mama mkwe wangu. Huko kwao alijulikana kwa kulea watoto waliozaliwa hawajakomaa.

Hapo kuna desturi lazima niieleze. Kwetu mwanamume na mama wa mke wake hawaonani uso. Mama mkwe haingii nyumba ya mkwe, hali humo, halali humo. Mkikutana njiani mmoja anaingia majanini. Si chuki, ni heshima. Iko siku ya kuifungua heshima hiyo, wazee wa pande zote wakiwapo, na mkwe akitoa zawadi. Mimi mahari nilikuwa nimetoa, lakini siku hiyo ilikuwa bado. Na wazee wangekujaje katika maji yale?

Alifika asubuhi. Mimi natoka nyuma ya nyumba na mzigo wa kuni, yeye anapinda kona na kikapu kichwani. Alishusha kikapu kikamfunika uso. Mimi niligeuka kwa haraka, nikateleza, nikaanguka kifudifudi matopeni na kuni zikanijia mgongoni. Nikalala pale pale, pua ndani ya tope, mpaka nikasikia nyayo zake zimepita.

Alisimama nje mvua ikimpiga. Hakukanyaga hata kizingiti changu. Nikamsikia mke wangu akilia ndani.

"Mama, ingia! Mtoto atakufa wewe umesimama na desturi!"

"Nyumba ya mkwe siingii, na mtoto hafi," akajibu. "Lile banda linalotoa moshi ni la nani?"

"La samaki, mama."

"Samaki si mkwe wangu. Mleteni mtoto."

Nawaambia, nimekaa na watu wengi wenye akili, lakini sijamwona mwingine aliyepata njia kwa upesi hivyo bila kuvunja kitu. Alihamia bandani na binti yake na mjukuu wake. Kikapuni hakubeba ndizi wala kuku. Alibeba pamba, pamba ya shamba lake mwenyewe, aliyoibakiza wakati wa kuuza. Alitoa wavu wa waya, akamwaga mchanga juu ya jiko, akatandika magunia, akafanya kiota cha pamba, akamlaza mtoto ndani yake. Moshi hakuutaka hata kidogo. Kuni zilichomwa mlangoni, chini ya mapaa, mpaka zibaki makaa matupu, ndipo makaa yakaingizwa chini ya jiko. Mke wangu aliniambia baadaye kwamba mama yake kila mara aliweka shavu kwenye udongo kuupima. Mkono hakuuamini. Alisema mkono wa mkulima umekufa ngozi, shavu halidanganyi.

Mimi kazi yangu ilikuwa kuni. Nilizitua nje, nikageuza mgongo, nikakohoa. Naye hakusema na mimi, alisema na ukuta.

"Ukuta, mwambie mwenye banda atoe watu wake wanaoning'inia humu. Wananuka."

Nilitoa samaki wote kwa mlango wa nyuma, yeye amejitanda gubigubi, mimi natembea kinyumenyume. Nje hakuna jua la kuwakausha. Waliharibika, mbwa wa kijiji kizima wakashiba. Jirani yangu mvuvi akapita akanikuta nachanja kuni.

"Ndugu, wewe sasa nakausha nini huko ndani?"

"Nakausha binti yangu."

"Basi weka chumvi kidogo," akasema, akacheka. Halafu akashusha sauti. "Mtoto nalia?"

"Bado."

Hilo ndilo lilikuwa jambo. Mtoto alikuwa halii. Alikuwa anatoa kasauti kama ka kifaranga kilichokanyagwa, basi. Nikipeleka kuni nilikuwa nasimama kusikiliza, nasikia kunguni wa magunia kabla sijasikia mwanangu.

Mvua haikukoma, na kuni kavu zikaisha. Nilipanda hadi mashamba ya juu, nikakata kila kilichokuwa na sura ya kukauka, na bado kilitoka maji.

"Ukuta," sauti ikasema, "mwambie mkwe kuni hizi zinatoa povu."

"Ukuta, mwambie mama ziwa zima limehamia ndani ya kuni."

"Ukuta, mwambie mkwe mtoto haoti maneno."

Kisha nikasikia mke wangu akiita, na moshi mzito ukatoka mlangoni. Makaa yalikuwa yamekwisha, wakajaribu kuni mbichi, moshi ukarudi ndani. Mama mkwe alishika gogo linalofuka kwa mikono yake mitupu akalitupa nje. Likaanguka karibu na miguu yangu. Nyuma yake sauti ikaja, na safari hii haikuwa ya mzaha.

"Ukuta, mwambie kwamba udongo unapoa."

Niliingia nyumbani nikasimama juu ya kitanda. Sitadanganya hapa, wala sitajipamba. Nilizishika mbao zile nikazisikia zilivyo laini, na mkono haukutaka kushuka. Kisha nikashusha ya kwanza, nikaipasua kwa shoka. Mvule uliokauka vizuri hulia kama kengele ukiupiga. Baada ya hiyo sikusimama tena. Nilizipasua zote, nikazirundika mlangoni pa banda, nikageuza mgongo.

Moto ulishika mara moja. Makaa yake yalikuwa mekundu, mazito, hayana moshi.

"Ukuta," akasema polepole, "kuni hizi zimepigwa randa."

Nikaokota vibanzi vilivyotawanyika.

"Ukuta, muulize mkwe ni kuni za nini."

"Ukuta, mwambie mama ni kuni za kuota moto."

Nikasikia mke wangu akimnong'oneza. Tangu pale mama mkwe alichoma ubao ule kama mtu anayetia chumvi ya kuazima. Kipande kidogo, anakipa majivu juu, kinadumu. Niliona nimepasua vya kutosha siku chache tu. Yeye alivifikisha mpaka mvua ikachoka. Mwanamke yule hakupoteza hata kibanzi.

Na asubuhi moja, mimi niko na jembe nazibua mfereji, mtoto akalia. Akalia kwa hasira, kama mtu aliyedhulumiwa sokoni. Jirani yangu alisikia kutoka majini, akanyanyua kasia juu.

Njia zilipokauka wazee wakaja wa pande zote. Nilikwenda Malaba nikaleta blanketi zito, nikampa mbele yao, naye akaondoa kanga usoni. Kwa ile sauti nilifikiri nitaona mwanamke mkubwa. Alikuwa mdogo, ananifika kifuani. Nyusi zilikuwa zimeungua, na shavu moja lilikuwa jeusi kuliko lenzake, lile la kupimia udongo. Sikujua nimwambie nini. Nilikuwa nimezoea kusema na ukuta.

Yeye alijua. Alifunua pamba, akanitilia mtoto mikononi, na hapo ndipo nilipoiona pua ya binti yangu.

"Shika mtumbwi wako, mkwe," akasema. "Na siku nyingine usiniletee kuni mbichi."