Sanduku Tulilopita Nalo Kariakoo

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo mpaka leo sijaisahau. Ilikuwa miaka ya hamsini, kabla ya uhuru, nami nilikuwa kijana mwenye shati moja zuri na maneno mengi ya vitabuni. Nasikia umechaguliwa kwenda kujifunza kufukua makaburi ya kale. Basi sogea karibu. Sitaki uende kabla sijakusimulia.

Nasi tulifundishwa kazi hiyo hiyo. Mwalimu wetu alikuwa Mwingereza mmoja tuliyemwita Bwana Brashi, kwa kuwa brashi yake hakuiweka chini hata wakati wa chai. Upande wa Gerezani palikuwa na makaburi ya zamani yaliyokosa wenyewe, na serikali ilitaka kupitisha barabara juu yake. Ilitupasa kuwatoa marehemu wale kabla katapila halijafika, kuwachora walivyolala, kuisoma mifupa yao, kisha wazikwe upya mahali pengine. Udongo tuliuondoa kwa kijiko na brashi, polepole, kama mtu anayemfuta mtoto vumbi usoni. Nilijifunza kuujua umri wa mtu kwa meno yake. Mwanzoni niliogopa sana, chakula kilinishinda. Baadaye nikazoea, na aliyezoea husahau kwamba wenziwe hawajazoea.

Bwana Brashi alitupa amri moja: mtaani tusiseme tunachimba nini, wasije watu kutafuta dhahabu. Sisi tukaipenda amri ile. Ilitufanya tujione wakubwa.

Nilikuwa nimepanga chumba Kariakoo, nyumba ya pili kutoka kwa Bi Mwanaidi, mama mtu mzima aliyeuza vitumbua barazani na kumlea mjukuu wake, Sudi. Kila asubuhi nilimwamkia, "Shikamoo bibi," naye akajibu, "Marahaba mwanangu," huku akinichagulia vitumbua vya moto. Siku moja akaniuliza, "Hamisi, hilo shimo lenu lililozungushiwa maturubai, mnachimba nini?"

"Kazi ya serikali, bibi," nikamjibu, nikaondoka nikitafuna.

Sasa uelewe mji ulivyokuwa. Watu waliogopa mumiani. Ilisemwa kuna watu wanaowakamata wenzao, wanawanyonya damu ikafanywe dawa. Hata gari la zimamoto likipita, akina mama waliingiza watoto ndani, kwa vile lilikuwa jekundu na halikujulikana linakwenda wapi. Nami nilizisikia habari zile nikacheka. Sikufikiri hata mara moja kwamba mimi, mwenye maturubai na masanduku yangu, nilikuwa nafanana na kile walichokiogopa.

Siku yenyewe gari letu la kazi liliharibika. Bwana Brashi akatuambia mimi na mwenzangu Zakaria, kijana mpole kutoka Masasi, tubebe sanduku moja kwa miguu mpaka kwenye stoo yetu, ng'ambo ya soko. Lilikuwa sanduku la mbao la majani ya chai. Ndani tulikuwa tumemlaza mtoto, mifupa yake imefungwa kwa pamba na karatasi. Kaburi lake lilikuwa fupi mno, na alikuwa amelazwa kwa ubavu wa kulia kuelekea kibla, mkono chini ya shavu. Zakaria alipomwona mara ya kwanza alivua kofia.

Tulipoingia sokoni niliona wauza ndizi wamesimama, hawaiti wateja. Mwanamke mmoja alikuwa akilia. Nikamsikia mtu akisema Sudi wa Bi Mwanaidi haonekani tangu asubuhi, na kwamba ametafutwa mpaka visimani. Nikatazama sanduku mikononi mwetu, nikaelewa yatakayotufika kabla hayajafika.

"Zakaria," nikanong'ona, "tembea tu. Usiharakishe."

Sauti ikatoka nyuma yetu: "Wale wa mashimoni! Wamebeba nini?"

Mwanangu, penye wengi pana mengi. Sikuona watu wakija, niliona tu njia imekwisha. Mbele vifua, nyuma vifua. Muuza nyama alikuwa na kisu chake cha kazi mkononi, sidhani kama alikumbuka kwamba anacho. "Mumiani! Mumiani hao!" Jiwe likanipata nyuma ya sikio. Nikahisi uvuguvugu ukishuka shingoni.

"Tukimbie," Zakaria akasema.

"Tukikimbia tumekufa."

"Fungueni sanduku!" watu wakapaza sauti.

Nifungue vipi, waone mifupa ya mtoto, mahali ambapo mtoto amepotea? Na nisipofungua? Ndipo watu wakapisha, akaingia Bi Mwanaidi, kanga imemtoka kichwani, macho yake hayapepesi. Aliniangalia kama mtu ambaye hajapata kuniona.

"Hamisi. Nifungulie."

Nikatafuta uongo, nikakosa. "Bibi, ndani mna mifupa ya mtoto."

Soko zima lilinguruma. Mtu akanishika kola, shati likachanika. Bi Mwanaidi akainua mkono. "Mwacheni! Aseme."

"Ni wa zamani, bibi. Tumemtoa kaburini Gerezani, ili barabara isimpite juu. Wallahi si Sudi."

"Fungua."

Nikapiga magoti, nikafungua. Naye akapiga magoti. Akaifunua pamba, tabaka baada ya tabaka, mpaka kikatokea kichwa kidogo, kikavu, rangi ya udongo. Akakitazama mdomoni kwa muda mrefu, maana hofu haikumwacha awaze kwamba mtoto aliyepotea asubuhi hawezi kukauka hivyo kwa siku moja.

"Huyu ana meno yake yote ya mbele," akasema mwishowe. "Sudi wangu ni kibogoyo, yameng'oka juzi juzi." Kisha akakaa chini vumbini. "Si yeye. Jamani, si yeye. Nendeni mkanitafutie mwanangu."

Watu wakatawanyika kumtafuta, nasi tukaliweka sanduku dukani kwa Mhindi mmoja muuza vitambaa, aliyetupokea bila swali, tukaingia kutafuta pamoja nao, damu ikinikaukia shingoni. Alasiri mama mmoja akamleta Sudi amemshika mkono. Mtoto alikuwa amefuata tarumbeta la harusi mpaka Magomeni.

Kesho yake mimi na Zakaria tulikwenda kumpa pole Bi Mwanaidi. Nilimwamkia, akaitikia, lakini hakunipa kitumbua.

"Nilikuuliza ukanificha," akasema. "Ungeniambia, jana ningewaambia watu mimi mwenyewe. Wewe jana uliogopa kupigwa. Mimi nilifungua lile sanduku nikiamini namfunua Sudi. Hofu hiyo huijui, na ninakuombea usiijue."

Nikamwomba radhi. Baadaye akauliza kwa sauti ya chini, "Na yule mtoto mmemweka wapi?" Nikamwambia yuko stoo, anangoja kuzikwa upya na wenziwe.

Siku ile ile tulimfuata Bwana Brashi, tukamwambia hatuchimbi tena kwa siri. Alikasirika, akazunguka shimo mara nyingi, kisha akayashusha maturubai. Bi Mwanaidi alikuja na wazee wa mtaa, wakatazama tunavyofanya kazi, wakawasomea marehemu Fatiha. Siku ya kuwazika upya walijaa watu. Si kwamba mambo yote yalitengemaa, la. Wapo waliovuka barabara kunikwepa mpaka nilipohama Kariakoo, na sikuwalaumu.

Kwa hiyo, mwanangu, shika haya. Kabla hujagusa kaburi, nenda kwa waliolizunguka. Bisha hodi, amkia, kaa, eleza unachotafuta na utakapowapeleka watu wao. Ukiulizwa na muuza vitumbua, mjibu kama unavyomjibu mwalimu wako. Usiicheke hofu ya mtu, maana huijui imezaliwa na nini. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo huo mimi niliusikia kwa sikio lililotoka damu. Siku utakayoshikwa na woga, sema kweli mapema, hata ikiwa kweli yenyewe inatisha.

Nenda sasa. Mungu akupe mkono mwepesi na moyo mtulivu. Watakaokupokea wakupokee kwa heri, na wale utakaowaamsha usingizini wakuombee dua. Amina.