Punda Aliyesalimiwa Kwanza

Juzi basi letu la Mbeya lilikwama kabla hata ya kutoka Iringa, kwa sababu punda alisimama katikati ya barabara. Dereva alipiga honi, utingo akapaza sauti: "Toka!" Punda hakutikisa hata sikio. Abiria tukashuka kutazama.

Mwenye punda, mzee wa Kihehe, akasema kwa upole, "Wanangu, huyu hajui Kiswahili. Niliachiwa na padri Mhispania."

"Basi mwamrishe kwa Kihispania!" utingo akafoka.

"Naweza. Padri alinifundisha: kutembea ni *caminar*. Ukiondoa r ya mwisho, inakuwa amri."

"Sasa unangoja nini, mzee?"

"Leo hatujasalimiana."

Akavua kofia, akainamia sikio la punda. "Kamwene," akamsalimu kwa Kihehe, kisha akatulia kama anayengoja kuitikiwa. Punda akashusha pumzi ndefu. Mzee akaridhika.

"*Camina!*"

Punda akaondoka.

Tulicheka mpaka machozi. Utingo akatugeukia: "Panda! Sogea! Kaa!" Tukapanda, tukasogea, tukakaa. Tangu alfajiri hakuna aliyekuwa ametuuliza hata tumeamkaje.