Barua Iliyofungwa Njiani Tu

Wasomaji, mnivumilie kwa mwandiko na makosa. Niliishia darasa la saba na mkono wangu ni mzito.

Nafanya usafi katika chumba cha kompyuta cha ofisi yetu hapa Lodwar. Chumba kingine kiko Kakuma, na waya wa faiba unaviunganisha. Kakuma ndiko alikohamishiwa Akiru, mpishi wetu. Tangu aende, chai nainywa nikitazama barabara.

Juzi injinia alikuwa akichagua namna ya kuficha habari zinazopita kwenye waya.

"Kufunga kila barua hadi kwa mwenyewe ni kazi kubwa," alisema. "Nitafunga njia tu. Ekai, nipe karatasi yoyote yenye maandishi nijaribie."

Nikatoa mfukoni barua niliyoshindwa kumtumia Akiru miezi yote hiyo.

"Kweli hakuna atakayeisoma, bwana injinia?"

"Njiani? Hata shetani hawezi."

Hilo neno njiani nililivuka kama mto mkavu. Nikafikiri itamfikia yeye peke yake.

Akaipiga picha, akaituma kwenye waya, kisha akapiga simu Kakuma na kuiweka spika. Mwenzake akaisoma kwa sauti, wahakikishe imefika nzima: "Akiru, mto Turkwel umejaa maji, lakini mimi nina kiu."

Ofisi zote mbili zikaangua kicheko. Nikaukumbatia ufagio.

Ndipo kwenye simu ikaja sauti ya Akiru, ikinisalimu kwa Kiturkana: "Ejok, Ekai. Mbona hukuniambia nikiwa hapo?"

Mpaka leo sijamjibu. Niandikieni, tafadhali, mniambie niseme nini.