Njiti Sitini na Tatu

Mvua ya mawe ilishuka Jumatatu alasiri, ikakaa muda wa kikombe cha chai kupoa, ikaenda zake. Muda huo uliitosha. Barafu, nyingine kubwa kama limau, zilivunja vioo, zikalaza mboga za watu bustanini, na zilipokutana na bati lililochoka zikaingia ndani bila kubisha hodi. Na katika mtaa mzima hakukuwa na bati lililochoka kuliko la Fundi Bati.

Watu walicheka, na nani angewalaumu? Nusu ya mtaa ule ameuezeka yeye. Alianza akiwa kijana mwembamba wa kutengeneza ndoo na karai. Ndoo za plastiki zilipomnyang'anya wateja hakukaa chini kulia, alichukua nyundo yake akapanda juu ya nyumba za watu. Miaka arobaini aligonga misumari juu ya vichwa vya wenzake, mpaka sikio lake la kushoto likafunga virago. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye vyeti tu. Hata mkewe akikasirika alimwita Fundi Bati.

Nyumba yake mwenyewe aliiezeka mwaka aliooa, na tangu hapo hakubadilisha hata bati moja. Ukimwuliza alikuwa na jibu lake: bati la zamani ni zito, haya ya siku hizi ni karatasi iliyopakwa rangi. Maneno matupu. Mkewe aliujua ukweli, kwamba mara tatu mzee alinunua mabati mapya ya kwake, na mara zote tatu akatokea jirani aliyevujiwa zaidi, mabati yakaenda huko.

Jumanne asubuhi jua lilipowaka, mzee alifunga madirisha yote, akasimama katikati ya sebule na kuangalia juu. Nyumba haikuwa na dari, kwa hiyo paa lilionekana lote, na kila tundu lilikuwa na mwanga wake. Alihesabu. Alipofika sitini na tatu akavuta kiti, akakaa.

Simu ikalia. Alikuwa binti yao wa pekee, muuguzi katika mji mwingine. Kuna mtu mtaani alikuwa ameshampa habari, na chumvi ameitia.

"Shikamoo baba. Jumamosi nakuja na gari. Mnahamia kwangu."

"Marahaba. Tuhame kwa ajili ya matundu mawili matatu?"

"Nimeambiwa sitini."

"Aliyekwambia hajui kuhesabu," alisema mzee, na hapo hakudanganya.

"Baba, nisikilize. Goti lako limeshakataa ngazi, daktari kasema na mimi nimesema. Mama akilala kwenye unyevu anakohoa wiki nzima. Mnataka nikae huku nahudumia wagonjwa wa watu huku roho yangu iko kwenye paa lenu?"

Binti yake alikuwa na haki, na hilo ndilo lililomuuma.

"Jumamosi nikikuta nyumba kavu, sisemi neno," akamalizia binti. "Likidondoka tone moja, moja tu baba, mnafunga mizigo. Tumekubaliana?"

"Tumekubaliana," alisema mzee, kwa kuwa hajawahi kumshinda.

Kwa binti kulikuwa kuzuri, msinielewe vibaya. Ghorofa ya tatu, maji ya bomba ndani, dari nyeupe kama sahani. Walishakaa huko wiki moja. Siku ya nne mzee alichungulia dirishani akaona watu chini wanakimbia na magazeti kichwani, ndipo alipojua kuwa mvua ilikuwa inanyesha tangu asubuhi. Hakuwa amesikia kitu. Alijihisi kama mtu aliyezikwa kabla ya siku yake. Alichotaka katika uzee wake kilikuwa kidogo: kuisikia mvua juu ya bati alilolipigilia mwenyewe, mkewe akiwa karibu, mpaka siku zake ziishe. Alilitaka sana jambo hilo, na aliona aibu kulisema kwa sauti.

Alitafuta mafundi. Wale aliowafundisha mwenyewe walikuwa wameshachukuliwa na mtaa mzima, aliyekuwa na nafasi ya karibu kabisa aliomba wiki mbili. Alipatikana mmoja asiyemjua. Mzee akaenda kumwangalia anavyofanya kazi kwa watu, akamkuta anapigilia misumari kwenye bonde la bati badala ya mgongoni, pale pale maji yanapopita. Alirudi nyumbani amenuna.

"Nitapanda mimi," alisema mkewe. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye maneno machache, na hayo machache yana makali.

"Wewe?"

"Miaka arobaini nakaa chini nakuchomekea njiti. Unafikiri nilikuwa nasinzia?"

Hapa inabidi nieleze kazi yao ilivyokuwa. Tundu la bati huonekana vizuri ukiwa ndani, kwa sababu ya mwanga, lakini ukipanda juu hulioni hata ukilikanyaga. Kwa hiyo wanakuwa wawili. Wa ndani anasimama mezani, anachomoa njiti ya ufagio na kuipenyeza kwenye tundu ili ichungulie nje, kisha anagonga mbao ya paa mara moja: tundu liko hapa. Wa juu anaitafuta ile njiti, anaichomoa, anabandika kitambaa kilicholowa lami ya moto, anapaka lami tena juu yake. Akimaliza anagonga mara mbili: tayari, nenda lingine. Tangu wameoana mke alikuwa chini na mume juu. Hawakuwahi kubadilishana.

Alhamisi walianza. Ngazi waliifunga kwenye nguzo kwa kamba ya kuanikia nguo, mafundo manne, na mzee akayavuta kila moja mara mbili mbili. Alikuwa na hofu kuliko anayepanda.

"Kanyaga penye misumari," alimwambia, "chini yake ndipo penye mbao."

"Najua."

"Usiangalie chini."

"Najua, mzee. Nenda ndani."

Akaenda ndani, akapanda mezani na ufagio kwapani na mpini wa jembe mkononi. Alichomeka njiti ya kwanza, akagonga. Akachomeka ya pili, akagonga. Mambo yalikwenda haraka mno, mpaka akaanza kujisifu kimoyomoyo. Kitu kimoja tu kilimsumbua. Mara nyingine alisikia kutoka juu pigo moja tu, naye akawa anahangaika kulitafuta tundu mahali ambapo hapakuwa na mwanga wowote. Akadhani macho nayo yameanza kufuata njia ya sikio.

Baada ya saa nzima aliinua uso kuitazama kazi. Matundu kumi na tisa aliyokwisha kuyachomeka njiti yalikuwa yanamkodolea macho, njiti hazipo, na lami hakuna.

Alitoka uani akichechemea. "Mke wangu! Unaziba au unachuma?"

Kichwa cha mkewe kikatokea ukingoni. "Nizibe nini na wewe unagonga mbili? Mbili si tayari? Nikajua umetazama umeridhika, nachomoa naendelea!"

"Mimi nimegonga moja!"

"Umegonga mbili. Karibu zote mbili mbili, machache tu ndiyo nimeziba."

Mzee akauangalia mkono wake wa kulia kama mtu aliyeibiwa na ndugu yake. Miaka arobaini mkono ule uligonga mbili, na hakuna aliyeuarifu kwamba leo uko chini. "Na wewe je? Machache uliyoyaziba umegonga ngapi?"

Mkewe akafikiri. Akajigongea kidole hewani, kama anayejikumbusha. "Moja," alisema polepole.

Walitazamana, mmoja juu mmoja chini. Aliyeanza kucheka ni yeye wa juu, na alicheka mpaka ikabidi akae kwenye mgongo wa paa, amejishika mbavu. Fundi viatu wa ng'ambo ya barabara aliinua macho kutoka kwenye soli, akaona bibi amekaa juu ya nyumba na kopo la lami, anacheka peke yake. Alitikisa kichwa, akarudi kwenye soli.

Dawa aliipata mzee: aliuhamishia mpini mkono wa kushoto, ambao haukuwa na mazoea yoyote. Mkewe naye alifunga uzi mwekundu kidoleni. Wakaanza upya. Moja kutoka chini, mbili kutoka juu, taratibu, Alhamisi yote na Ijumaa mpaka mchana. Kila mara mbili zile ziliposikika, tundu moja lilizimika juu ya kichwa chake, na mzee alisema "asante" kwa sauti ya chini, ingawa hakuna aliyemsikia.

Alipoteremka mara ya mwisho, mkewe alikuwa na lami kwenye shavu. Mzee alimkalisha kwenye ngazi ya mlango, akamfuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, polepole, asimchubue.

"Umeziba vizuri kuliko mimi," alisema.

"Rudia kwa sauti, jirani asikie."

Jumamosi binti alifika na gari na maboksi matupu matano. Aliamkia, akakumbatia, akazunguka vyumba vyote ameinua uso. Hakuona mwanga. Ngazi uani hakuigusia, naye mama yake hakuitaja. Saa sita kasoro mawingu yakafunga, mvua ikaja.

Walikaa watatu mezani. Mvua ilianza na matone ya kuhesabika, ikakolea, mpaka sauti yake ikajaa nyumba nzima. Sebule ilikuwa kavu. Chumba cha kulala kilikuwa kikavu. Binti aliegemeza kichwa nyuma, mabega yakamlegea, akafumba macho. Utotoni alilala miaka kumi na minane chini ya sauti ile, na kabla hajajua kusoma alikuwa akimshikia mama yake kishada cha njiti.

Tone likadondoka kwenye goti lake.

Wote watatu waliliona. Likafuata la pili, pale pale. Mzee hakubisha. Ahadi ilikuwa ahadi, na alikuwa ameitoa kwa mtoto wake. Alinyanyuka kwa taabu, akaenda ukutani, akaitungua nyundo yake kwenye msumari. Akaifuta kwa mkono wa shati, akainama kuiweka kwenye boksi la kwanza.

"Baba," alisema binti. "Ufagio uko wapi?"

"Nyuma ya mlango. Acha, nitafagia mimi kabla hatujaondoka."

Binti aliufuata ufagio, akachomoa njiti moja, akavua viatu vyake vya mjini na kupanda mezani. Alipapasa bati kwa kidole mpaka akalipata tundu, dogo mno, la sitini na nne. Akaipenyeza njiti. Kisha akauchukua mpini wa jembe uliokuwa umeegemea ukuta, akagonga mbao mara moja.

"Mvua ikikatika mama atapanda," alisema. "Ila safari hii ngazi nashika mimi."

"Nani kakwambia nilipanda?" mama yake aliruka.

"Fundi viatu. Amesema ulikuwa juu unacheka peke yako."

Mzee alikuwa bado ameinama kwenye boksi. Akainuka na nyundo yake mkononi, mkono wa kulia, akagonga mwimo wa mlango mara mbili.